Nyuki wa Mzee Anselme

"Waraka wa Pili Kuhusu Kupangusa Viatu Kabla ya Kuingia Karakana ya Tatu" ulibandikwa mlangoni Jumatatu, juu ya ule wa kwanza, ambao tayari ulikuwa umechafuka matope.

Uongozi ulikuwa na haki ya kukasirika. Kabla ya vita kiwanda hiki, nje kidogo ya Paris, kilitengeneza baiskeli, na watengeneza baiskeli ni watu wa usafi. Sasa, katika baridi ya mwaka 1917, kilitengeneza bunduki za rashasha, nyepesi kiasi cha askari mmoja kutembea nayo huku akifyatua, na sakafu bado ilifagiliwa kila jioni. Lakini kila asubuhi zilikutwa nyayo za matope mabichi. Nje ardhi ilikuwa imeganda, ngumu kama chuma. Waraka haukuligusia hilo.

Clotilde alilitambua tope lile. Lilikuwa jeupe, zito, la ardhi ya chokaa. Ndilo aliloling'oa kwenye buti za mumewe, Fernand, aliporudi likizo kutoka mahandaki ya Champagne. Fernand alikuwa amekufa tangu majani yalipopukutika. Kombora, papo hapo, hakuhisi kitu. Ndivyo Clotilde alivyoelezwa na baba yake mzazi, mzee Anselme, aliyedai kuambiwa na kapteni mmoja. Hilo "papo hapo" ndilo lililomwezesha Clotilde kulala.

Baba na binti walifanya kazi karakana moja. Clotilde aliunganisha vikasha vya risasi, vilivyopinda kama mwezi mchanga na kukatwa madirisha ubavuni ili askari aone risasi zilizobaki. Wakubwa waliyapenda mno madirisha hayo. Anselme alikuwa mjaribu. Alifyatua kila bunduki, akaipangusa, kisha akaigonga alama yake: nyuki mdogo. Fernand aliwahi kuandika kutoka vitani, kwa furaha ya mtoto, kwamba amepewa bunduki yenye nyuki wa baba mkwe.

Siku ya Alhamisi, wakati wa chakula, mashine zikiwa zimezimwa, ilisikika sauti kutoka chumba cha kujaribia. *Ka.* Kimya. *Ka.*

Zélie, mfanyakazi mwenzake aliyeketi na Clotilde, aliacha kutafuna mkate.

"Umesikia, shoga?"

"Panya," Clotilde alinong'ona.

"Panya gani anakoki bunduki? Hiyo ni bunduki iliyokwama, na mlango umefungwa. Ufunguo anao baba yako, na baba yako yule pale, supu inamtiririka kidevuni."

Kweli, kijiko cha Anselme kilikuwa kimesimama hewani.

Padri Hilaire aliletwa kesho yake. Kwa kuwa serikali haikubali mizuka katika viwanda vya silaha, aliandikishwa langoni kama fundi wa bomba. Alinyunyiza maji ya baraka kila kona.

"Haya ndiyo mwanzo wa matope mengine," Zélie alinong'ona, na wanawake wawili wakacheka kwa pua.

Kicheko kilikatika. Harufu iliingia kwanza, ya udongo uliofukuliwa na kitu kilichooza chini yake, halafu sakafuni, mchana kweupe, mbele ya padri na wanawake wote, ukajichora unyayo mmoja mweupe, na mbele yake mwingine, na mwingine, bila mguu, bila mtu, ukampita Clotilde karibu kiasi cha kumlowesha pindo la gauni, ukaenda taratibu kama mtu aliyechoka sana anayejua anakokwenda, hadi kwenye meza ya mzee Anselme, palipolala bunduki aliyotoka kuipangusa, ambayo sasa ilianza kutapika tope kwenye madirisha ya kikasha chake, na mtambo wake ukajivuta wenyewe nyuma, ukarudi, *ka*, ukajivuta tena, *ka*, kama kuna mikono inayoharakisha, inayoomba, inayoishiwa muda.

"Roho, unataka nini?" padri aliuliza.

Katika dirisha moja la kikasha, katikati ya tope, kilining'inia kipande cha nguo. Clotilde alikivuta. Kilikuwa cha shati lenye mistari ya buluu, na ushono wake aliujua, kwa kuwa ulikuwa wa mkono wake.

"Nilikichoma hicho!" Anselme alipiga yowe.

Karakana nzima ilimgeukia.

"Ulikichoma wapi, baba?" Clotilde aliuliza polepole.

"Mwanangu, si hapa..."

"Ulisema kombora."

Mzee aliketi chini. "Bunduki yake ilirudishwa kwa matengenezo. Kitambaa cha shati ulilomshonea kilikuwa kimenasa humo dirishani. Nikakitoa, nikakichoma."

"Na bunduki?"

"Niliiosha. Nikaipiga nyuki mpya. Ikarudi vitani."

"Alikuuliza, baba. Mezani kwangu, nikikumiminia divai. Alisema, 'Baba mkwe, hii kitu inastahimili matope?' Ukamjibu nini?"

"Inastahimili."

"Na ulikuwa unajua?"

"Niliwahi kuijaribu kwa tope la bustanini. Ikakwama palepale. Ofisa akaniambia tope halimo katika utaratibu wa majaribio." Alimtazama kwa macho ya kuomba. "Ningemwambia nini Fernand? Angekwambia wewe, wewe ungemwambia Zélie, na mimi ningeonekana msaliti wa taifa."

"Basi ukachagua kumsaliti mume wangu."

Sauti ya bunduki ilikoma. Nyayo hazikurudi tena karakanani.

"Waraka wa Tatu Kuhusu Kupangusa Viatu" ulitangaza kwamba chanzo kilikuwa bomba bovu, ambalo limeshabadilishwa. Karakana ya Tatu haina bomba.

Clotilde alihamia kwa Zélie akiwa na kile kitambaa. Majirani wa mzee Anselme wanasema huonekana kila asubuhi akitoa tope jeupe nyumbani kwake kwa ndoo, na kwamba kabla hajafungua mlango husikika ndani, mara mbili, tatu, *ka*.

Fernand hakuuawa na kombora. Bunduki iliingia tope ikakwama, akavua shati aipanguse, na Wajerumani wakamkuta bado anapangusa.