Tope Bichi Halipandwi

Kwanza zilikuwa nyayo. Mama Miche aliziona saa sita mchana, kwenye tope lililotandazwa kando ya bwawa la mgodi: buti za mumewe, na ubavuni mwake mguu mtupu, mwembamba, wa kike. Buti zilikuwa zimekwenda na kurudi. Ule mguu ulitoka majini ukaandamana na buti hadi kwenye kijiko, ule mtambo wa kuchotea tope aliouendesha mumewe, na haukurudi.

Mgodi mzima ulikuwa na wanawake wawili, yeye na mpishi, na mguu wa mpishi ungejaza nyayo mbili kama zile.

Jioni akalinusa shati la mumewe. Lilipaswa kunuka dizeli. Lilinuka mvua, na kiangazi kilikuwa na miezi mitatu.

"Baba, kule bwawani unaongea na nani?"

"Na tope, Chiriku wangu. Nani mwingine?"

Alimwita Chiriku tangu uchumba, kwa sababu ya maneno yake mengi, na hakuna mwingine aliyelijua jina hilo. Lakini safari hii alilitamka huku akitazama mlango. Wivu ukamwingia Mama Miche.

Kazi yake ilikuwa kuupanda miti mteremko uliochimbwa. Tope la bwawa lilichotwa, likaanikwa mpaka likapasuka, ndipo likapokea miche. Wote walijua kwamba tope bichi halipandwi. Walijua pia kwamba mteremko ukishapandwa, kijiko na dereva wake huhamishiwa bonde la pili. Basi akamwambia msimamizi tope limekauka, na lilikuwa bado linanata vidoleni. Akapanda miche elfu nne. Mmoja ulionona kuliko yote akautia kwenye kiriba, mfuko wa kuoteshea, kwa tope lilelile, akauficha nyuma ya nyumba.

Yote ilishika. Siku ya kumi na mbili ilifika magotini, na msimamizi akaja na wageni kupiga picha. Kitu kimoja tu kilimsumbua Mama Miche: upepo haukuwepo, na miche yote ilikuwa imeinamia nyumbani kwake.

Mume alihamishwa kweli, lakini harufu ya mvua ilihamia ndani, na matone yakawa yanasikika chumbani ambako hapakuwa na bomba, na alasiri moja mumewe alipojilaza alijibana ukutani akaacha nafasi katikati, na Mama Miche aliposogea aikalie akaona godoro likibonyea, polepole, kwa uzito wa mtu anayejinyoosha, na mumewe akatabasamu usingizini.

Mganga aliyeitwa hakuvuka kizingiti.

"Huyo alikuwa na kwake majini," alinong'ona. "Tope likikauka, naye huisha. Wewe umempanda mbichi, mwanangu. Umempa mizizi."

"Mfukuze basi, mama. Anamchukua mume wangu."

"Aliyepandwa hafukuzwi. Hung'olewa, akachomwa. Usibakize hata mmoja."

Akang'oa siku tatu kwa mikono yake, akichoma na kulia. Msimamizi alipoona, kibarua cha Mama Miche kikaota nyasi, na ndicho kitu pekee kilichoota pale msimu ule. Hakujali. Mumewe alinuka dizeli tena, alilala katikati ya kitanda, aliomba chakula na kuongezewa.

Ule wa kwenye kiriba hakuung'oa. Alikwenda mara mbili, akaushika shina, akauachia. Miaka kumi na tisa ya kazi, asibakiwe na mche mmoja wa kuutazama? Na atakayechukua nafasi yake pale mgodini angetamba kwamba Mama Miche hakuotesha kitu. Mmoja si kitu, alijiambia.

Siku ya mapumziko ya mumewe, jua likiwa utosini, alikuwa akifua uani aliposikia sauti nyuma ya nyumba. Akachungulia. Mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya kiriba, akiumwagilia mche kwa kikombe chake cha chai, na kando ya goti lake ardhi ilikuwa na nyayo mbichi, nyembamba.

"Chiriku," alisema kwa upole.

Mama Miche alifungua kinywa aitike, na hakikutoka kitu.

"Abee," ilijibu sauti yake mwenyewe, kutoka kwenye majani.