Daftari la Nyimbo za Uhispania

Mwaka 1999, hapa Baraka, hakuna mtu aliyezijua nyimbo zilizoongoza Uhispania kunipita mimi, Élie. Jumamosi ambazo kaka yangu hakuweza kusikiliza, nilimsikilizia mimi, na sikukosa hata moja. Mnaweza kuuliza.

Kaka yangu ni Casimir, mwalimu ambaye shule yake ilifungwa na vita. Redio moja ya Uhispania iliahidi redio mpya kwa msikilizaji atakayetuma orodha ya mwaka mzima: kila Jumamosi saa tisa alasiri, wimbo ulioshika nafasi ya kwanza. Jumanne tarehe 11 Januari 2000, saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, Casimir alikuwa anaipeleka Uvira ili itumwe. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari walioshika mji wakafungua mfuko wake, wakakuta daftari limejaa tarehe, saa na maneno ya kigeni.

Komanda aliisoma mistari mitatu, ya tarehe 12, 19 na 26 Juni: "La Mukera. El Lweba. Corazón de Sebele." Mukera, Lweba na Sebele ndipo palipokuwa na vituo vyake. Akasema saa sita Casimir atapandishwa mtumbwi wa injini kama jasusi wa adui. Waliopandishwa kabla yake hawajarudi.

Saa tatu, shangazi yetu Anastasie aliingia bureau ya komanda, mimi nyuma yake; Casimir alikuwa humo, amefungwa kamba. Kabla ya vita alikuwa karani wa tribunali, mahakama ya kule Fizi, na alikuwa bado na miwani ya kazi.

"Mwandiko iko ya nani?" akamuuliza Casimir.

"Yangu, shangazi. Niliandika yote upya mu décembre, ikuwe propre, safi."

"Na hii mistari tatu, uliisikia we mwenyewe?"

"Hapana. Ile mwezi nililala hospitali ya Nundu na tifoide. Élie alinisikilizia, akaandika pa karatasi."

Shangazi akanigeukia. Nikamwambia niliandika nilichosikia, ila karatasi ilikaa mezani, na kwetu watu wanaingia kama sokoni. Fanny wa jirani, kwa mfano. Jina lake limo daftarini, Septemba 18: "Fanny de mi vida."

"Kule Uhispania kuko Fanny?"

"Wengi, shangazi."

Fanny akaitwa. Alimwonyesha komanda kidole gumba: ndicho anachotilia sahihi. Akarudi kwa mihogo yake.

"Basi Norbert, fundi wa redio," nikasema. "Huyo anajua kuandika, na anaongea na kila askari."

Saa nne na nusu shangazi alitaka kuiona redio ya Casimir. Niliileta mwenyewe. Aliizungusha mara mbili. Antena yake ilikuwa njiti ya gurudumu la baiskeli.

"Hii njiti ni ya lini?"

"Tangu zamani."

Akamtuma askari kwa Norbert. Saa tano na robo Norbert alifika na bisibisi yake, akafungua skrubu nne, akamkabidhi komanda kifuniko cha nyuma. Ndani palikwaruzwa kwa msumari: 10/6 – 28/6/99.

"Kila redio nayofungua naandika siku imeingia na siku imetoka," Norbert akasema. "Hii ilinifikia antena imevunjika, spika imepasuka. Siku kumi na nane ililala pa meza yangu kimya kama jiwe. Na haiko Casimir aliileta, chef. Iko huyu petit mwenye mudomo."

"Uliiangusha wapi?" shangazi akaniuliza.

"Njia ya Sebele. Nilikuwa nauza chumvi na kinga, ile baiskeli ya Casimir."

"Chumvi, Sebele. Na Mukera, na Lweba."

"Ndiyo majina yalikuwa mu kichwa. Niliona aibu atoke hospitali akute wiki tatu tupu. Nikaweka La, nikaweka El."

Komanda hakucheka. "Na kama ni wewe jasusi?"

"Chef," Norbert akasema, "hii karatasi aliandikia kwangu, na kalamu yangu. Akanisomea, akauliza kama inafanana na Kihispania. Nikamwambia ile ya Sebele iko muzuri."

Komanda akasema jasusi haombi ushauri wa fundi juu ya ripoti yake, na kwamba mjinga wa namna hii adui hawezi kumlipa. Saa sita kasoro dakika kumi Casimir alifunguliwa kamba.

Alisugua mikono, akaomba kalamu, akafuta mistari mitatu polepole. Kisha akafunua kurasa za mbele.

"Na hii ya Septemba 18, nilipokuwa Fizi kwa matanga? Ile ulisikia?"

"Ile nilisikia kweli, kaka. Wimbo mzuri sana. Naweza kuuimba."

Norbert alikohoa. Akachukua kifuniko mezani, akakielekeza dirishani ili shangazi aone vizuri ile pembe ya chini, palipokwaruzwa tarehe nyingine.

"Soma na hii ingine, mama," akasema.