Programu Iliyouliza Kila Mara

Kila siku saa kumi na moja jioni, Kokushubira alipomaliza kuosha vyombo, alikausha mikono vizuri, akaingia sebuleni na kuondoa kitambaa kilichofunika kompyuta. Kitambaa hicho alikifuma mama yake kwa uzi mweupe, na wageni waliofika nyumbani kwao Igogo walikisifu kuliko hata mashine yenyewe. Baba yake, Mwalimu Muganyizi, aliinunua kompyuta hiyo mwanzoni mwa mwaka 1998 kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Mtaa mzima ulikuja kuitazama, ukakuta umeme umekatika, ukaondoka.

Mwalimu Muganyizi alifundisha jiografia. Kwa miaka miwili alikuwa akiandika kitabu cha darasa la sita kuhusu ziwa la kwao: samaki wake, visiwa vyake, na magugu maji yaliyokuwa yakiziba mialo wanakoshukia wavuvi. Sura nne za kwanza aliziandika kwa kalamu kabla ya kuzichapa. Kompyuta ilimnogea, basi sura ya tano na ya sita akazitunga palepale kwenye mashine. Macho yake yalikuwa dhaifu, kwa hiyo yeye alisema na binti yake alichapa. Koku, kama walivyomwita nyumbani, alikuwa na miaka kumi na miwili na vidole vyepesi.

Kitu kimoja tu kiliwakera. Ndani ya mashine kulikuwa na programu ya ulinzi, iliyowekwa na Dorcas, fundi wa kompyuta ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu. Kila walipofungua programu ya kuandikia, kidirisha kilitokea katikati ya kioo kikiuliza kwa Kiingereza: programu hii inataka kubadilisha mafaili, uiruhusu au uikatae? Walipotaka kuchapisha, kiliuliza hivyohivyo kuhusu printa. Na ukiruhusu, ulitakiwa uandike neno la siri la mwenye mashine. Neno hilo Mwalimu alimpa Koku peke yake. Hata mama hakulijua, na Koku alitembea nalo kwa maringo kidogo.

"Kidirisha kikitokea, soma jina la programu inayoomba," Dorcas alimwelekeza siku alipoiweka programu hiyo. "Soma mpaka mstari wa chini. Ndipo ujibu." Kisha akavuka ziwa kwenda Sengerema, ambako alikuwa na kazi ya mwezi mzima.

Wiki ya kwanza Koku alisoma jina la programu kila mara. Wiki ya pili alisoma nusunusu. Wiki ya tatu alibonyeza "ruhusu" huku akitazama kuku wa jirani dirishani.

"Baba, mashine hii haina adabu," alisema siku moja. "Inakuuliza wewe kila siku kana kwamba si yako."

Mwalimu alicheka. "Hata mimi inanichosha. Tuivumilie tu. Dorcas akirudi tutamwuliza."

Lakini Koku alimpenda baba yake mno, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Alimwona jinsi alivyokaa akisubiri, midomo imeshika sentensi nzuri, na kidirisha kinapoondoka sentensi nayo imekwenda zake. Jambo hilo lilimuuma. Kesho yake, baba akiwa bado shuleni, alifungua ile programu ya ulinzi, akapekua huku na huku mpaka akakuta mahali pa kuizima. Iliuliza neno la siri. Akaliandika. Programu ikazimika.

"Leo imetulia," Mwalimu alisema jioni hiyo, amefurahi.

"Imetuzoea, baba," Koku akajibu, na akainamisha uso kwenye kibodi.

Siku ya Jumanne alikuja Sabina Luhende, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja. Alikuwa na disketi aliyoichukua kwenye mkoba wa kaka yake anayesoma chuo. "Ina mchezo wa magari," alinong'ona, ingawa nyumbani hakukuwa na mtu. Waliuweka. Hakikutokea kidirisha chochote, hakuna aliyeuliza neno lolote. Walikimbiza magari mpaka wakachoka kucheka, Sabina akaondoka na disketi yake.

Jioni Koku alipofungua sura ya tano alikuta alama za ajabuajabu, mistari kwa mistari, hakuna hata neno moja la Kiswahili. Akafungua ya sita. Nayo ni vilevile. Akamwita baba yake aone.

Kitabu kilitakiwa Dar es Salaam wiki iliyofuata. Jumapili ile baba mdogo Longino alikuwa anasafiri kwa treni, na ndiye angebeba disketi yenye sura zote sita mpaka kwa wachapishaji. Wakipitwa na siku hiyo, wangesubiri mwaka mwingine, na Mwalimu alikwisha kusubiri vya kutosha.

Mwalimu alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akavua miwani na kuifuta kwa shati.

"Ni mimi," alisema kwa unyonge. "Jana nilijaribu kusahihisha peke yangu. Lazima nilibonyeza vibaya. Macho haya, mwanangu, sasa yananiharibia kazi."

Koku angeweza kunyamaza. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Lakini kumwona baba yake akijilaumu kwa kosa lisilo lake kulimshinda kabisa.

"Si wewe, baba," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Ni mimi. Niliizima programu ya ulinzi, nikakudanganya kwamba imetuzoea. Leo nikaweka mchezo wa disketi. Nilitaka usisumbuliwe, halafu sikukwambia."

Mwalimu hakupiga kelele. Mama alichungulia kutoka jikoni kuona kulikoni.

"Nimeumia, Koku," Mwalimu alisema. "Nikikwambia sijaumia nitakuwa nakudanganya na mimi. Lakini umenitoa mzigo. Nilikuwa naanza kuyachukia macho yangu." Akampa leso yake. "Kesho Dorcas anarudi. Utamweleza mwenyewe, bila kupunguza neno."

Dorcas alifika Jumatano alasiri, na vumbi la safari bado liko kwenye viatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, mdogo wako ana habari."

Koku alieleza yote. Dorcas hakumkemea. Aliikagua mashine kwa saa mbili, akaufuta ule mchezo na virusi vyake, kisha akapumua. "Sura nne za kwanza zipo, nilizinakili kwenye disketi kabla sijaondoka. Hizi mbili zimekwenda. Hamkuzichapisha kwenye karatasi?"

"Tulizichapisha ili nizisahihishe," Mwalimu alisema. "Tukaingiza masahihisho kwenye mashine, na zile karatasi nikawagawia watoto wa darasa la sita, wenzake Koku, watie kava madaftari yao. Nisingeweza kuzitupa. Karatasi ni ghali."

Koku aliinuka bila kusema kitu. Alikwenda kwenye mfuko wake wa shule, akatoa daftari la hisabati. Kava lake lilikuwa karatasi nyeupe ya printa, yenye matundu madogo pembeni, na chini ya jina lake, maandishi yakiwa yamegeuka kichwa chini, palisomeka: "Magugu maji huzaliana haraka." Ulikuwa ukurasa wa pili wa sura ya tano.

"Zilikuwa kurasa kumi na moja," alisema. "Zingine ziko darasani."

Mwalimu alisimama kama kijana. "Nitamwomba mwalimu wenu, Odeta, awatangazie kesho."

"Hapana, baba. Nitawatangazia mwenyewe."

Alhamisi asubuhi, Mwalimu Odeta alimruhusu asimame mbele ya darasa. Aliwaambia kwamba alizima ulinzi wa kompyuta kwa siri, akaweka mchezo asioujua, na kitabu cha baba yake kikaharibika. Hakumtaja Sabina. Kisha akaomba makava, akaonyesha furushi la magazeti ya zamani ambayo mama yake alimfungia ili awape kwa kubadilishana, ili pasiwe na daftari litakalobaki uchi.

Wengine walicheka. Shimba, aliyekaa nyuma na aliyependa mpira kuliko chakula, aliuliza kama kava lililochorwa goli litakubalika. "Hata likiwa na timu nzima," Koku alijibu, na darasa likacheka naye sasa, si kumcheka. Wakaanza kubandua. Makava yalikuja na madoa ya mafuta, majina, hesabu za kujumlisha, na goli la Shimba lililofunika nusu ya aya. Kufika saa nane, pamoja na kava lake mwenyewe, Koku alikuwa na kurasa kumi. Ulikosekana wa mwisho wa sura ya sita. Sabina hakubandua chochote. Kengele ilipolia aliondoka peke yake.

Alhamisi hiyo na Ijumaa Koku alichapa mpaka shingo ikamuuma. Safari hii yeye alisoma makava kwa sauti, na baba alirekebisha kwa kukumbuka. Mahali palipofunikwa na goli walipatunga upya, na Mwalimu akasema pamekuwa pazuri kuliko mwanzo. Sijui kama alisema kweli au alitaka tu kumchekesha.

Jumamosi mchana hodi ilipigwa. Alikuwa Sabina, ameshika karatasi aliyoinyoosha kwa pasi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, macho yakiwa chini. "Mchezo niliuleta mimi. Niliogopa nikilitoa hili kava mtaniuliza habari za mchezo. Kaka nimeshamwambia, naye ameiharibu ile disketi."

"Marahaba," Mwalimu alisema. "Ingia ndani. Koku amechoka kusoma, msomee wewe ukurasa huo."

Jioni sura zote sita zilikuwa tayari. Dorcas alikuja kuzinakili, kisha akaiwasha tena programu ya ulinzi. Mara moja kidirisha kikatokea kuuliza habari za programu ya kuandikia.

"Ona, inaanza tena," Koku alisema.

"Soma mpaka chini," Dorcas alimwambia.

Koku alisoma. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na kisanduku na maneno ambayo yalikuwepo hapo kila siku: ikumbuke programu hii, usiulize tena. Alibaki mdomo wazi.

"Ndilo nililotaka ulione mwenyewe," Dorcas alisema. "Programu unayoijua kwa jina, inayofanya kazi yenu, unaiandikisha mara moja, basi. Mlinzi hataisumbua tena. Zisizojulikana ataendelea kuzisimamisha. Wewe ulichoka kuulizwa habari za mmoja, ukawafungulia wote."

Koku aliweka alama kwenye kisanduku, kisha akafanya vivyo hivyo kwa printa. Walifunga na kufungua tena, na hakuna aliyeuliza kitu. Dorcas alipoingiza disketi yake mwenyewe kwa majaribio, kidirisha kikaruka. Koku akasoma jina kwa sauti, akasema halijui, na akabonyeza "kataa".

"Kilichobaki ni neno jipya la siri," Dorcas alisema. "La zamani lilishatumika vibaya. Mwalimu, njoo uandike."

Mwalimu Muganyizi aliinuka, lakini hakukaa. Alivuta kiti nyuma, akampungia binti yake.

"Kaa uandike wewe, kisha utaninong'oneza."

"Baba, mimi ndiye niliyeizima."

"Najua." Alimwekea mkono begani. "Kuchoka kila mtu huchoka, Koku. Ukichoka tena, niambie tuchoke wote, usinifiche hata kama unanifichia kwa kunipenda. Jumanne ulikuwa na nafasi ya kuniacha nijilaumu, nawe hukuitumia, ukasema ukweli. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka akae na neno la siri la nyumba yangu."

Koku alikaa. Aliandika pole pole, herufi moja moja, kisha akamvuta baba yake sikio na kumnong'oneza.