Deni Alilosingiziwa Marehemu

Fundi alikutwa amekaa kwenye kiti chake cha kazi, mikono yote miwili juu ya meza, kichwa kimeinama kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Ila mbele yake hapakuwa na cherehani. Palikuwa na matundu manne ya skrubu, na vumbi la miaka mingi lililochora umbo la mashine isiyokuwepo.

Jirani yake, muuza matunda, ndiye aliyepiga simu kituoni. Alisema mzee ameuawa na wezi wamebeba mashine. Inspekta alifika saa tatu asubuhi akiwa na Sajini wake, akasimama mlangoni na kutazama kabla ya kugusa kitu chochote. Alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kuharakishwa, na pale kituoni walimtania kwamba hata chai huihoji kwanza ndipo ainywe.

Kufuli lilikuwa zima. Dirisha lilifungwa kwa ndani. Hakukuwa na damu wala dalili ya purukushani. Daktari wa polisi alivua glavu akasema anavyoona yeye ni moyo, ila uchunguzi wa maiti ndio utakaothibitisha.

"Na mashine?" Inspekta aliuliza.

Jibu lilikuwa ng'ambo ya barabara. Fundi mwenzake alikuwa ameinunua jana mchana kwa bei ya kutupa, na sasa alitoa hati ya mauziano.

"Alinibembeleza, Afande. Alisema lazima alipe kabla ya saa nane. Nikamuuliza alipe nini, akaniambia ni siri ya nyumba yake."

Basi wizi haukuwepo, au ulikuwepo wa aina nyingine. Simu ya marehemu ilionyesha amepigiwa mara kumi na moja kwa siku mbili, zote kutoka namba moja. Fedha za mashine zilikwenda kwenye namba hiyohiyo saa nane kasoro dakika ishirini. Robo saa baadaye mpigaji alipiga tena. Baada ya simu hiyo mzee hakupokea nyingine. Sajini aliuliza kampuni ya simu, akaambiwa laini imesajiliwa kwa kitambulisho ambacho mwenyewe alikipoteza miaka miwili nyuma.

"Mzee kapigwa changa la macho," Sajini alisema. "Wadai wa uongo hawa. Deni la kweli huja na karatasi, Afande, na anayekudai hakukatazi kwenda ofisini kwake kuhakikisha. Hawa mtaji wao ni vitu viwili tu, haraka na siri. Sielewi watu wanaingiaje."

Inspekta alikuwa ameokota karatasi ya kaki chini ya meza, ile ambayo mafundi huikatia vielelezo vya nguo. Mzee alikuwa na mazoea ya kazi yake: mtu akisema, yeye anaandika. Kwa chaki ya kushonea alikuwa ameandika kila alichoambiwa, kama anayechukua vipimo vya mteja.

*Ofisi ya kukusanya madeni. Jalada 114. Marehemu mke wangu, mpishi mkuu wa hospitali, alikopa. Nyumba itachukuliwa. Mwisho saa nane. Nisimwambie mtu, hata binti. Bado gharama za kufunga jalada. Nisimwache marehemu alale na deni.*

Inspekta aliisoma sentensi ya mwisho mara mbili. Maneno hayo alikuwa ameyasikia kwa masikio yake mwenyewe, miezi mitano iliyopita, wiki tatu baada ya kumzika mama yake. *Usimwache marehemu alale na deni.* Sauti ya kiume, ya upole, ya ofisini. Naye, mpelelezi wa miaka kumi na tisa kazini, alilipa kabla ya saa nane.

Hakumwambia mtu. Afande mzima aende kaunta kusema kwamba ametapeliwa kwa simu? Angechekwa mpaka astaafu. Lakini kicheko kilikuwa nusu tu ya jambo. Nusu nyingine ni kwamba hakuwahi kuwa na hakika kama ni utapeli. Alimwaza mama yake akikopa kwa siri, akimtazama usoni na kunyamaza, na hasira ikamkaa moyoni. Tangu siku ile hakuwa amekanyaga makaburini.

Binti wa marehemu aliwasili akitoka kazini. Alikuwa fundi umeme, na mkanda wa vifaa ulikuwa bado kiunoni. Alilia kwa muda, akajifuta kwa mkono wa ovaroli, akaisoma ile karatasi.

"Mama yangu alikopa kweli?" aliuliza.

"Ndicho tunachotafuta, mwanangu."

"Nataka kujua hilo, Afande. Huyo mtu mtamfunga au hamtamfunga, shauri yenu. Mimi nataka kujua mama alikuwa nani." Kisha akakunja uso. "Na hapa pana makosa. Mama hakuwa mpishi mkuu. Alikuwa msaidizi jikoni mpaka anastaafu."

"Nani alimwita mpishi mkuu?"

"Baba. Alitia chumvi kwenye kile kijitabu cha mazishi, unajua watu wakifiwa. Nikamwambia mama mwenyewe angekataa. Tukaenda duka la uchapaji, wakaondoa kabla ya kuchapa."

Inspekta alikaa kwenye kiti cha wateja. Kaka yake naye alikuwa ameandika *mkunga mkuu* kwenye wasifu wa mama yao, na yeye ndiye aliyeagiza neno *mkuu* lifutwe. Lakini ile sauti ya simu ilisema mkunga mkuu. Alikuwa ameisikia, akaona si kitu, akatuma fedha. Aliuliza duka lenyewe ni lipi. Lilikuwa lilelile.

*

Duka la uchapaji lilinuka wino na karatasi mpya. Mwenye duka alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya viatu, na alijibu kila kitu bila kuzungushazunguka. Wasifu unaletwa kwa mkono, pamoja na namba ya simu ya mfiwa. Mpigachapa anauingiza kwenye kompyuta, familia wanakuja kuukagua, na marekebisho anayafanya yeye mwenyewe kwenye mashine yake ya chumba cha nyuma.

"Mpigachapa haoni marekebisho?"

"Ayaone ya nini, dada? Kazi yake inaishia kwenye rasimu ya kwanza. Vidole hakosei kupiga, familia ndiyo hukosea kuandika."

Vidole ndilo jina walilompa kwa wepesi wake. Alikaa karibu na dirisha, mtu wa miaka kama thelathini na mitano, shati limepigwa pasi, vipokea sauti masikioni, na hakuinua kichwa. Inspekta alielewa palepale. Aliyesoma kijitabu kilichochapwa angesema msaidizi wa jikoni. Mwenye duka naye angesema hivyohivyo. Ni mtu mmoja tu humu aliyebaki na wapishi wakuu na wakunga wakuu wasiokuwepo.

Lakini kujua si ushahidi. Kesho yake Sajini alivaa kiraia, akajitia mfiwa, akampelekea Vidole wasifu wa mjomba ambaye hajawahi kuzaliwa: msimamizi mkuu wa stoo ya reli. Siku iliyofuata akarudi, na mwenye duka, ambaye sasa alijua kinachoendelea, akamsahihishia katika chumba cha nyuma. Mjomba akashuka cheo, akawa karani.

Siku ya tatu Inspekta alikaa kwenye benchi la wateja kana kwamba anasubiri kadi za harusi. Saa nne na nusu Vidole aliinuka, akaingia stoo ya karatasi na kurudishia mlango. Dakika moja baadaye simu ya Sajini ikaita kule kituoni, kinasa sauti kikiwa tayari. Inspekta akasogea mlangoni. Kwanza alisikia jalada na nyumba, halafu msimamizi mkuu wa stoo ya reli.

"Hapana, kaka, maandishi hayatolewi kwa hatua hii," sauti ilisema kwa upole uleule. "Ni wewe tu. Usimwache marehemu alale na deni."

Inspekta alisukuma mlango. Vidole aligeuka, simu sikioni, mgongo umeegemea marobota ya karatasi nyeupe. Hakukimbia. Alikaa chini taratibu, kana kwamba alikuwa amechoka muda mrefu na sasa ameruhusiwa.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti vitatu. Sajini aliandika, Inspekta aliuliza.

"Umewapigia wangapi?"

"Tisa. Huyu wa leo wa kumi."

"Waliolipa?"

"Saba."

"Walioripoti polisi?"

"Hakuna." Aliinua macho. "Ndiyo maana niliendelea."

Inspekta alihisi jibu hilo limemfikia mahali ambapo hakuna mtu mwingine chumbani aliyepaona.

"Fundi cherehani amekufa. Ulijua?"

Vidole hakujua. Alisema kwamba mzee alimwambia amebakiwa na mkasi tu, naye akamwambia auze na mkasi. Baada ya hapo alipasua jipu lote, na Sajini alilazimika kumwomba apunguze mwendo.

Alianza yeye kupigiwa. Baba yake alipofariki, mtu alimpigia akasema mzee ameacha deni, na kwamba ni aibu kubwa likijulikana. Vidole aliuza kiwanja cha baba yake kwa siku moja, nyumba ikiwa juu yake na mama yake akiwa ndani. Miezi miwili baadaye akagundua kwamba hakukuwa na ofisi, wala jalada, wala deni.

"Ukaripoti?"

"Ningeripoti, mama angejua nilidanganywa. Hivi sasa amepanga chumba, na kila siku anamlaani baba. Anasema aliishi na mwizi miaka arobaini. Hataki hata jina lake litajwe." Sauti ilimkatika. "Nilitaka nikinunue kiwanja tena, nimwambie serikali imeturudishia. Maneno niliyokuwa nayo ni yaleyale niliyoambiwa. Nilikuwa nimeyashika yote."

"Ungeweza kumwambia ukweli bure."

"Ningeweza."

Sajini alifunga kalamu. Kosa lilikuwa wazi, kujipatia fedha kwa udanganyifu, na kifo cha fundi wakuu wangekipima. Lakini Inspekta hakuinuka. Kinasa sauti kilikuwa bado kinazunguka, na yeye hakukizima.

"Mkunga mkuu," alisema. "Unamkumbuka?"

Vidole alifikiri. "Namkumbuka. Mwanawe alilipa haraka kuliko wote. Hakuuliza hata swali moja."

"Mwanawe ni mimi."

Sajini aliacha mdomo wazi. Inspekta alimsogezea jalada, akamwambia kwamba kuanzia dakika hiyo si lake tena, kwa sababu mwenye kesi hawezi kuwa mpelelezi wake, na amwarifu mkuu wa kituo.

Binti wa fundi alikuwa anasubiri kwenye korido. Inspekta alikaa kando yake, akamwambia neno alilotaka: mama yake hakukopa, hakuna aliyemdai, hata shilingi. Binti alifumba macho.

"Lakini baba amekufa akiamini alikopa."

Inspekta alimpa nakala ya ile karatasi ya kaki. Pembeni kabisa palikuwa na mstari ambao siku ile hawakuuona kwa sababu chaki ilikuwa imefifia, na mtaalamu wa maandishi ndiye aliyeuibua. *Kama alikopa, alikuwa na sababu. Sina kinyongo naye.* Binti alisoma, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa kifuani na kuubana kwa kiganja.

Inspekta alimwacha hapo. Alishuka ngazi mpaka kaunta ya mbele, akapanga foleni nyuma ya mtu aliyepotelewa na baiskeli. Konstebo wa zamu alipomwona aliruka kusimama.

"Kaa, mwanangu. Fungua ukurasa mpya. Nimekuja kulalamika."

Alieleza yote, tarehe, namba, kiasi, maneno. Konstebo aliandika huku akiiba macho, na hakuna aliyecheka. Mwishoni akafika kwenye swali ambalo lazima liulizwe.

"Samahani, Afande. Sababu ya kuchelewa kuripoti?"

Inspekta alishika ukingo wa kaunta.

"Andika hivi. Mtu nisiyemjua alinipigia simu, nikamwamini yeye kuliko mama yangu."

Konstebo aliandika, akageuza daftari. Inspekta aliyasoma maneno yake mpaka mwisho, akatia sahihi.