Mkoromo wa Josué

— Umekula nini?

— Uyoga, chérie. Kule Denver batu balipiga kura, polisi isisumbue tena mutu muzima juu ya uyoga. Nikaenda kule, nikakula, nikalia sana, kisha nikalala. Saa tisa nzima.

Melania alikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha manesi, hospitalini Houston, simu sikioni, wali wake umeshapoa. Ilikuwa Juni 2019. Kwa miaka miwili mchumba wake Josué alikuwa akitoka zamu ya usiku kwenye ghala Fort Worth, anajilaza mchana, na yeye huku anaacha simu wazi amsikilize akigeukageuka. Vita vya Kivu, kwao Kongo, vilimfuata mpaka kitandani. Wiki hiyo, kwa mara ya kwanza, alimsikia akikoroma. Alimshukuru Mungu kwa kujibu maombi. Kumbe ni uyoga, tena ule wa kulewesha, unaomwonyesha mtu rangi na wafu wake.

Sasa hapo ndipo penye balaa. Baba yake Melania, Mzee Ambilikile wa Tukuyu, alishatamka kwamba hamtoi binti kwa mkimbizi. Huyo bwana aje na pasipoti ya nchi inayojulikana, abishe hodi, ndipo wazungumze. Josué alikuwa ameshajaza fomu za uraia, na ndoa yote ilikuwa inaningʼinia kwenye fomu hizo.

Walikwenda kwa wakili. Wakili hakuficha. Denver ni Denver, lakini faili la Josué liko serikali kuu, na huko uyoga bado ni dawa za kulevya. Kwenye usaili ataulizwa kama amewahi kufanya kosa bila kukamatwa. Akikiri, uraia hapati na hata kadi yake ya kijani, ile ya ukaazi, inaweza kumponyoka. Akidanganya wakamgundua, ni mabaya zaidi. Aondoe ombi, asubiri miaka mitano, na asitoke nje ya nchi. Yaani Tukuyu basi.

Walipofika kwenye gari Melania akasema:

— Utawaambia hapana.

— Nitasema ndiyo.

— Nani atajua, Josué? Ni mimi, wewe na huo uyoga.

— Kule camp ya bakimbizi balinihoji mara saba. Jirani yetu Polycarpe alikosea mwaka wa kuzaliwa kwa mutoto, dossier yake, faili ile, inalala mpaka leo. Banakuuliza, unasema vile iko. Njo vile nilifika hapa.

— Na mimi je?

— Mutu muzima akikula uyoga kwake, akalala, aliiba kitu ya nani? Sheria njo inakosea. Lakini mi siwezi danganya.

— Basi baki na usingizi wako.

Maneno mengine mtu huyatamka akayasikia mwenyewe yakianguka. Melania alirudi kwake Pearland, jirani na Houston, akazima simu siku tatu. Alipoiwasha hakukuta kitu. Akaendelea na kazi, akigawa vidonge vya maumivu, vyote halali, kwa watu ambao aliona kabisa vinawamaliza. Mchana ulipofika aliiweka simu mezani kwa mazoea, ikakaa kimya. Alimkosa jamani. Aliukosa hata ule mkoromo aliousikia wiki moja tu.

Oktoba uzalendo ukamshinda. Akaendesha mpaka Huntsville, theluthi ya njia ya kwenda Fort Worth, akajaza mafuta, akageuza. Kiburi ni kitu kibaya. Jioni akaandika:

“Umelala leo?”

Jibu likaja baada ya saa nzima.

“Leo hapana.”

Kila siku baada ya hapo aliuliza hayo hayo, naye akajibu hayo hayo. Hawakuthubutu neno la tatu.

Januari 2020 neno hilo likaja: “Kesho saa nne naingia usaili, kwa ofisi ya uhamiaji ya Irving. Nitasema yote. Labda nitakuta mutu wa huruma. Papa yako anataka pasipoti.”

Melania alisoma mara mbili, kisha akampigia wakili. Alfajiri alikuwa barabarani na barua ndani ya bahasha.

Alimkuta kwenye maegesho, amevaa suti nyeusi, faili kifuani. Alikuwa amekonda.

— Usiingie, alisema.

— Chérie, siwezi danganya.

— Sikuja kukuomba udanganye. Hii barua inaondoa ombi. Saini.

— Na papa yako?

— Baba niachie mimi. Nitaolewa na wewe hivyo hivyo, bila pasipoti.

— Miaka mitano, Melania.

— Hii miezi saba imenimaliza. Hiyo mitano tutangoja wote. Na huo uyoga usiuguse mpaka karatasi zitoke. Sheria imekosea, nakubali. Siku wakiibadilisha nitakuandalia mwenyewe kwenye sahani.

Josué alicheka kidogo, macho yamelowa.

— Nisipolala?

— Tutakesha wawili.

Alisaini juu ya boneti. Wakaipeleka dirishani pamoja.

Februari wakafunga ndoa katika kanisa la Wakongo, Fort Worth. Melania alimpigia baba yake kabla na baada. Mzee hakupokea.

Jumapili moja ya Machi, jioni, Josué ameegemea kwenye kochi kule Pearland, simu ikalia. Ilikuwa namba ya Tukuyu.

— Mama yako hanipi raha, mzee alisema. Nimepiga kujua kama mzima.

— Mzima, baba. Shikamoo.

— Marahaba.

Kisha akauliza:

— Huyo anayekoroma hapo ni nani?

Melania alimtazama Josué, kichwa kimelalia pajani pake, mdomo wazi.

— Ni mume wangu, baba.

Alisikia jogoo wa alfajiri nyumbani kwao akiwika upande wa pili.

— Ndiye yule uliyemwambia mama yako kwamba halali?

— Siku nyingi halali. Leo amelala.

Mzee akashusha pumzi.

— Basi usimwamshe, mwanangu. Nitampigia kesho.