Malalamiko ya Jirani Mwema

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuosha vyombo na kudeki sebule, Wakili alitundika shuka la buluu ukutani kwa pini nne. Kisha aliweka simu ya mama juu ya meza ya cherehani, akaiegemeza kwenye mkebe wa nyuzi. Mdogo wake alisimama mbele ya shuka, akanyoosha gauni, akasubiri.

Wakili lilikuwa jina la utani la binti huyu. Wenzake darasani walimbandika jina hilo kwa sababu hakukubali kushindwa katika mabishano, hata pale alipojua amekosea. Mdogo wake, mwenye umri wa miaka minane, aliitwa Pilipili kwa hasira zake za ghafla. Pilipili alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Shuleni kwake watoto walizungumza kwa lugha ya alama, lakini akirudi mtaani watu walimpungia mkono tu, basi.

Hapo ndipo Wakili alipobuni chaneli yao kwenye tovuti ya video, kwa akaunti ya mama. Kila wiki Pilipili alifundisha alama tano. Bibi yao, aliyeishi mbali, alijifunza humo, na mara ya mwisho alipokuja kuwatembelea aliweza kumwuliza mjukuu wake kama ameshiba. Video zilikuwa zimefika thelathini na nane. Kwa kuwa simu ya mama ilikuwa na tumbo dogo, kila video iliyopanda mtandaoni Wakili aliifuta kwenye simu. Kwa hiyo zote zilikuwa kwenye chaneli, na kwenye chaneli tu.

Jumamosi hiyo alipofungua chaneli, mahali pa video ya mwisho alikuta kisanduku cheusi chenye maneno haya: "Video hii imeondolewa kwa sababu za hakimiliki. Mlalamikaji: Jirani Mwema. Chaneli itakayopata malalamiko matatu itafungwa, na video zake zote zitafutwa."

Katika maneno yote hayo, Wakili aliona moja tu: Jirani.

Mtaani kwao aliyeitwa Jirani alikuwa mmoja, fundi simu ambaye karakana yake ilitenganishwa na sebule yao kwa ukuta wa mbao. Mama alimwita Jirani, wateja walimwita Jirani, na kibao cha mlangoni kiliandikwa, "Kwa Jirani: Simu na Redio."

"Mwema!" Wakili alifoka. "Hata haya hana. Anajisifu mwenyewe!"

Akakumbuka jambo. Wiki iliyopita, alipokuwa akihariri video, alirudia wimbo uleule mara nyingi ili aukate vizuri. Jirani aligonga ukuta na kusema, "Wewe mtoto, wimbo mmoja tangu asubuhi! Nitakushitaki mimi!" Kisha akacheka. Sasa Wakili aliyakumbuka maneno. Kicheko alikisahau.

Kesho yake alipita mbele ya karakana bila kuamkia.

"Wakili," Jirani aliita, "leo umemeza ulimi?"

Wakili akaongeza mwendo. Moyoni alisema, ananichokoza aone kama nimegundua.

Pilipili alikuwa na mazoea ya kukaa kwenye karakana ile, akipanga skrubu kwa ukubwa wake ndani ya vifuniko vya chupa. Jirani hakuwahi kumfukuza. Wakili aliona hilo nalo ni mtego. Alimfuata mdogo wake, akamshika mkono, akamrudisha nyumbani.

"Usiende tena kule," alimwambia kwa alama.

"Kwa nini?"

"Mtu mbaya."

Pilipili alimkazia macho, akaupiga mlango teke, akajifungia chumbani.

Alasiri hiyo Wakili alichungulia kwenye ufa wa mbao. Jirani alikuwa ameinamia simu yake, na kwenye kioo cha simu palionekana shuka la buluu. Alikuwa akitazama chaneli yao! Alisimamisha video, akairudisha nyuma, akaitazama tena, akaisimamisha pale pale. Vidole vyake vilikuwa vikichezacheza juu ya meza kama mtu anayehesabu.

"Anatafuta makosa," Wakili alinong'ona. "Anachagua video ya kuiua kesho."

Na kweli, Jumatatu aliporudi kutoka shuleni alikuta video ya thelathini na saba nayo imeondolewa. Mlalamikaji alikuwa yuleyule. Lilibaki lalamiko moja tu, na sauti zote za mikono ya Pilipili zingefutika.

Alikimbia kwa mama. Mama alikuwa akishona, pini tatu zikiwa kati ya midomo.

"Umemwuliza?" mama alisema, akizitoa pini moja moja.

"Nimwulize nini, mama? Jina lake limeandikwa!"

"Mtu huyu alitutengenezea simu hii wiki mbili zilizopita."

"Ndiyo! Huenda ndipo alipoingia kwenye akaunti yetu."

Mama alitikisa kichwa, akaendelea kushona. Wakili akaenda kusimama mbele ya shuka la buluu, akajirekodi mwenyewe. "Ndugu watazamaji," alisema, "jirani yetu, fundi simu, anataka kumnyamazisha mtoto asiyesikia." Aliipenda sana sentensi hiyo. Aliirudia mara mbili, ya pili kwa kunyoosha kidole. Kidole hichohicho kilikuwa karibu kugusa kitufe cha kupakia video, mkono wa mama ulipoichukua simu.

"Kabla hujamwaga maneno hayo mbele ya dunia nzima," mama alisema, "kayamwage mbele yake. Twende."

Jirani alikuwa na lenzi ya kukuzia jichoni na bisibisi mkononi. Wakili alisimama mlangoni bila salamu.

"Kwa nini unataka chaneli yetu ifungwe?"

"Mimi?" Jirani aliiondoa lenzi. "Nilalamike wapi, mwanangu? Hata nywila ya barua pepe yangu nimeisahau tangu mwaka jana. Fundi mzima!"

"Jina lako hili hapa!"

Jirani aliipokea simu, akausoma ujumbe wote kwa sauti, polepole, tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Alipofika kwenye jina akaanza kutikisika mabega kwa kicheko.

"Wakili, hujasoma hapa. Umenusa tu. Hebu niambie, wimbo ule uliokuwa ukiupiga tangu asubuhi, kabla ya ala kuanza yule mwimbaji hupiga kelele gani?"

Wakili akaukumbuka mwanzo wa wimbo. Aliijua kelele ile. Kila alipotumia wimbo ule aliikata kwa programu ya kuhariria, kwa sababu ilimharibia mwanzo wa video. Sauti nzito ya mwanamume ilisema: "Bendi ya Jirani Mwema, tunaingia!"

Uso ulimwaka moto. Video tatu za mwisho zote alikuwa ameziwekea wimbo huo.

"Lakini niliupakua bure!" alijitetea. "Ile tovuti iliandika kwa herufi kubwa, 'Pakua bure.' Tena chini ya video niliandika, 'Wimbo huu si mali yangu.'"

"Sawa," Jirani alisema. "Nikiingia kwenu nikachukua mkasi wa mama yako, halafu nikaubandikia karatasi, 'Mkasi huu si mali yangu,' nitakuwa nimeuomba?"

"Hapana."

"Nitakuwa nimefanya nini?"

"Utakuwa..." Wakili alianza upya. "Utakuwa umekiri kwamba umeuchukua."

"Haya. Na hiyo bure yako ni bei tu. Ruhusa ni kitu kingine, na hutolewa na mwenye wimbo. Hao wenye tovuti ya kupakulia, nani aliwaambia wagawe kazi ya watu? Mwisho wa kila video, wewe mwenyewe umeandika nini?"

Wakili aliangalia sakafu. "Ni marufuku kunakili bila idhini ya Wakili na Pilipili." Kisha shaka ya mwisho ikamchoma, akainua kichwa. "Wewe umejuaje maneno ya mwisho? Nilikuona kwenye ufa. Ulikuwa unatafuta nini kwenye video zetu?"

Jirani aliifuta mikono yake kwa kitambaa chenye mafuta. Taratibu, kama mtu anayevaa viatu vya mwingine, akafanya alama ya "karibu", kisha "kaa", kisha "asante". Ya mwisho ilipinda.

"Nimefika video ya kumi na tisa," alisema. "Mtoto anakaa hapa kila siku ananipangia skrubu, na mimi namwonyesha kwa kidole tu. Niliona aibu. Mkono huu wa kushoto ndio unaonigomea."

Jirani akavuta kigoda, wakaikabili video ya thelathini na sita kabla bendi haijaiona. Chini ya video palikuwa na kitufe cha kuondoa sauti. Wakili alikigusa mwenyewe, wakasubiri, video ikabaki mikono mitupu. Zile mbili zilikuwa zimekwenda. Ingebidi Pilipili afundishe upya alama kumi.

"Lakini nieleze," mama alisema. "Wimbo wa nini, kwenye masomo ya mtoto asiyesikia?"

"Ili... ipendeze."

Jirani alicheka mpaka bisibisi ikaanguka. Wakili naye akacheka, ingawa macho yalikuwa yameloa.

"Nisamehe, fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo ni ya leo. Ya jana bado naisubiri."

Nyumbani, kazi ilikuwa ngumu zaidi. Pilipili alikuwa bado amenuna. Wakili alipiga magoti mbele yake, akamweleza yote kwa mikono: wimbo, jina, ufa. Alipofika kwenye neno "kushuku" alikwama, hakuijua alama yake. Pilipili alimwacha ahangaike kidogo, kisha akamwonyesha. Alimfanya airudie mara tatu mpaka akaipata sawasawa, halafu akachomoka mbio kwenda karakana.

Mama alikuwa amesimama akiwatazama. Alimwinua binti yake mkubwa.

"Ulichukua wimbo bila kuomba, ukamhukumu mtu bila kuuliza," alisema. "Yote mawili yalihitaji mdomo tu, na mdomo unao, tena mkubwa. Uanze nao kuomba na kuuliza, mwanangu. Kubisha kutafuata. Na siku mdomo ukikushinda, mikono unayo."