Achilia Hiyo Drap, Séraphine!

"Toka kwa bwana yangu, ndumba weye, malaya!"

Mulango ilipigwa teke. Maman Séraphine, bibi ya Xavier, aliingia na wadogo wake wawili, telefone juu, wanafilma!

Mie nilikuwa na mafuta kwa mikono. Kwa meza ya massage mwanaume alilala kifudifudi, uso ndani ya tundu ya meza, drap, ile shuka yetu ya kazi, inamufunika toka kichwa mpaka chini. Mguu moja tu ndiyo iko inje.

Wapenzi wangu... nikasimama mbele ya meza!

Naitwa Emmanuella, nafanya massage hapa Bukavu. Kazi yetu iko na sheria: unafunua pahali unagusa tu. Client akigeuka, unainua drap na unaangalia ukuta. Na jina yake husemi kwa mutu.

"Maman, unakosea..."

"Funga kinywa! Jacket ya Xavier si ile? Pikipiki yake si iko inje?"

Nyuma yake nikaona Carine, mwenzangu wa kazi, anacheka.

"Nilikupigia telefone, maman. Sikudanganya!"

Carine! Mwenye tunakula naye sahani moja!

Séraphine akashika drap, akavuta. Nikashika upande ingine.

"Zimeni telefone kwanza!" nililia.

Paa! Kofi. Masikio ikalia nziii.

Patronne wetu, maman Godelive, akafika mbio. "Emmanuella, achilia! Kama unaficha kitu, leo kazi yako imeisha!"

Kazi yangu! Ndiyo inalisha mama yangu kule Bagira. Neno moja tu ingeniokoa... lakini zile telefone zilikuwa zinafilma. Ningesema vipi?

Sikuachilia.

"Vuta, dada!" mudogo wake mumoja akalia. "Tumuone huyo bwana yako!"

Drap ikaanza kupasuka: kraaa!

Ndipo sauti ya kizee ikatoka chini ya meza:

"Séraphine... mwanangu... ni mie."

Eeh Mungu wangu! Muzee Cirhuza! Beau-père wake, baba ya Xavier!

Xavier alikuwa amemuleta na pikipiki toka kijiji ya Miti kwa ajili ya mugongo yake mugonjwa, akamuvalisha jacket sababu ya mvua, kisha akaenda kwa miguu kumutafutia dawa kwa farmasi.

Mwenye si Mushi, kabila yetu ya huku, hataelewa. Muke ya mutoto kuona uchi ya beau-père? Atakula wapi tena? Atamusalimia na macho gani?

Séraphine aliachilia ile drap kama makaa ya moto. Akawageukia wadogo wake:

"Futeni! Futeni yote!"

Na akakimbia.

Patronne alikohoa. "Emma... endelea na kazi."

Juma iliyofuata Séraphine alimupelekea muzee kasiksi, ile pombe ya ndizi, amuombe pardon. Muzee akasukuma kidumu.

"Sitakunywa. Anza kwa ule mutoto ulipiga kofi."

Jumapili, baada ya misa, Séraphine alikuja kwetu Bagira, akapiga magoti mbele ya majirani wote.

"Simama," nikamwambia. "Nakusamehe sababu ya muzee. Si sababu yako."

Na Carine? Hakuna mwenye alimufukuza. Ma-client wenyewe wanauliza kwa mulango: "Leo ni nani?" Wakisikia ni Carine, wanarudi kwao.

Ndugu zangu, mutu mwenye hawezi kufunika jina yako, usimupe mwili yako afunike.